Nani Alishika Kamera?

Februari 2024 Umoja wa Afrika ulizindua sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere kwenye makao yake makuu, Addis Ababa, na haikuchukua muda Watanzania wakaanza kubishana mitandaoni. Ubishi haukuhusu mchango wake katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ulihusu sura: ni yeye, siye. Wengi wa wabishi hao hawakuwahi kumtia Mwalimu machoni, maana alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na aliye chini ya miaka 25 leo hakuwa amezaliwa. Wanamjua kwa noti ya shilingi 1,000, kwa picha rasmi iliyotundikwa ofisini kando ya ile ya Rais aliyeko madarakani, na kwa picha za nyeusi na nyeupe zinazosambazwa kila ikifika Oktoba. Kwa hiyo sanamu haikupimwa na mtu, ilipimwa na picha. Kipimo hichohicho ndicho tunachokishika tunapoamua kama filamu, tamthilia au kipindi cha televisheni kimesema kweli kuhusu zamani: tunatafuta picha ya kale, tunaweka viwili hivyo sambamba, tunatoa hukumu. Nadhani kipimo hicho kinatupotosha, na hapa Mara tuna ushahidi wa kutosha kuonyesha kwa nini.

Ili hoja zisikike, nimebuni wasemaji watatu na kuwakalisha kwenye baraza moja Kitaji, mjini Musoma: mama mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, kijana anayetengeneza filamu, na mzee aliyekuwa na studio ya picha tangu enzi za mkanda. Siwapi majina, kwa kuwa wanayoyasema husemwa na wengi. Mama ndiye anayeanza. "Mwanangu, nyinyi mnaharibu. Unaonyesha kikao cha TANU cha mwaka 1958, ukutani umetundika bendera yenye buluu. Buluu ilitoka wapi kabla ya Muungano? Bendera iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa ya kijani, dhahabu na nyeusi. Mtu wako mwaka 1962 anasema 'Tanzania', na jina hilo limeanza kutumika Oktoba 1964. Anamlipa mwenye duka kwa noti yenye sura ya Mwalimu, wakati tulikuwa bado na shilingi ya Afrika Mashariki mpaka 1966. Mtoto akiona hayo anayaamini, kisha anakuja kuyajaza kwenye karatasi ya mtihani."

Kijana anampa shikamoo yake kwanza, halafu anajitetea. "Mama, mtazamaji hafuatilii bendera, anamfuatilia mtu. Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969 alieleza mwenyewe katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, hata kama matendo yake yanakaribiana sana na ya yule wa kweli wa Ngarambe. Hakuna aliyemshitaki kwa kuharibu historia ya Majimaji. Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu mwaka 2021, hakuirudisha Zanzibar ya miaka ya 1950 nukta kwa nukta, alitengeneza ya kwake. Sisi hatuandiki kitabu cha darasani." Mzee wa studio anawasikiliza wote wawili, anatikisa kichwa. "Mnahangaika bure. Picha zipo. Picha haidanganyi. Mimi nilifyatua, kilichokuwa mbele ya lenzi ndicho kilichotoka. Mtengeneza filamu aangalie picha, Mama aangalie picha, ugomvi umekwisha."

Wanagombana, lakini kuna jambo moja wote watatu wanakubaliana bila kulitaja: kwamba usahihi wa kihistoria ni suala la kinachoonekana. Mama anataka kionekane sawasawa, kijana anataka ruhusa ya kukibadilisha, mzee anaamini tayari kimeshaonekana. Mimi nasema sehemu kubwa ya ukweli wa picha iko kwenye yale isiyoyaonyesha: nani alishika kamera, nani alimlipa, nini kiliachwa nje ya fremu, na maelezo gani yaliandikwa chini yake, na lini.

Tuanze na ushahidi wa mzee mwenyewe. Picha za studio za Afrika Mashariki, kuanzia zile za Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930 hadi za vibanda vya miji ya bara, zina mtindo unaofahamika. Nyuma kuna pazia lililochorwa bustani, ngazi au mji wenye magorofa. Kando kuna kistuli, na juu yake redio au chombo cha maua ya plastiki. Kijana amevaa koti ambalo mabega yake yamempita kidogo, ameegemeza mkono kwa namna ya kuhakikisha saa inaonekana. Koti ni la studio. Saa mara nyingine pia ni ya studio. Mpiga picha hodari alijua hata kuichonga negativu kwa penseli ili kovu la shavuni lipotee. Hakuna aliyedanganywa hapo: mteja alijua, mpiga picha alijua, na shangazi aliyepelekewa nakala kijijini alijua. Picha ile ilirekodi kwa uaminifu mkubwa jinsi mtu alivyotaka aonekane. Anayeikuta leo akahitimisha kwamba vijana wa mwaka 1965 walivaa saa na makoti, amempa shahidi swali ambalo hakuja kulijibu.

Na hapa ndipo ulipo mvuto wa picha za kale, ule unaotufanya tuzisambaze tukiandika kwamba zamani watu walikuwa nadhifu, watulivu, wenye heshima. Walikuwa hivyo siku ya kupigwa picha. Mkanda uligharimu fedha, kusafisha kuligharimu fedha nyingine, kwa hiyo watu walipiga picha siku ya arusi, ya kipaimara, ya Idi, ya mtoto kumaliza shule. Siku nyingine hazikupigwa. Miaka ya mwanzo ya 1980, watu walipopanga foleni tangu alfajiri kusubiri sabuni na sukari, mikanda na karatasi za picha nazo zilikuwa bidhaa za kuagizwa nje kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Uhaba ulikula hata ushahidi wa uhaba. Ndiyo maana albamu za familia nyingi zina mwanya katika miaka ile, na mwanya huo hauna wa kuusambaza. Mama anadakia, "Kwa hiyo unataka tusipende picha za wazazi wetu?" La, Mama. Tuzipende, ila tusizifanye sensa.

Kwenye picha jongefu hali ni nzito zaidi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza. Filamu zilizopigwa nchini wakati wa Mwalimu, kwa sehemu kubwa, zilitoka kwenye vyombo vya serikali, ikiwemo Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoundwa mwaka 1968, au kwa wageni waliokuja na kamera zao na kuondoka nazo. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni ya watu. Tuna picha nyingi za viongozi wakishika majembe na wanavijiji wakishangilia, na sidhani kama shangwe zote zilikuwa za kupangwa. Wako walioupenda ujamaa kwa dhati. Lakini familia iliyoamriwa kuacha mji wake ikihamia kwenye mstari wa nyumba haikuwa na kamera, na mwenye kamera hakutumwa kwao. Kijana akitengeneza filamu ya miaka ile kwa kufuata picha peke yake, kila shati litakuwa sahihi, kila trekta litakuwa la mwaka wake, na filamu nzima itakuwa imeona kwa jicho la ofisi ya habari.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, uko mashariki ya Kitaji, ukipita Bunda na Butiama. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu aliyotengeneza na mwanawe Michael, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Serengeti Haitakufa". Walikuwa wameruka juu ya mbuga kwa ndege ndogo waliyoipaka mistari ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Januari ya mwaka huohuo Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Mwaka 1960 filamu ikatwaa Oscar. Ni filamu nzuri, na huzuni ya baba aliyeikamilisha bila mwanawe ni ya kweli. Sasa Mama na aishike kalamu yake nyekundu atafute makosa ya aina anayoyachukia. Hatapata bendera isiyo ya wakati wake. Hatapata noti ya 1966. Kila nyumbu ni nyumbu halisi, kila swala ameruka kweli mbele ya lenzi. Kwa kipimo cha mzee wa studio, ni ushahidi usio na doa.

Lakini filamu hiyo, na maelfu ya picha zilizoifuata kwenye kalenda, vitabu na vipindi vya wanyama, ziliuambia ulimwengu kwamba Serengeti ni nchi tupu ya tangu uumbaji. Haikuwa tupu. Wamasai walichunga hadi Moru, ambako michoro yao ya ngao, kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, bado iko kwenye miamba na watalii huipiga picha. Waliondolewa kufuatia makubaliano ya mwaka 1958, wakahamishiwa Ngorongoro. Upande wa magharibi, upande wetu, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme walikuwa na mahame, sehemu za kuwinda na sehemu za matambiko ndani ya eneo ambalo baadaye liliwekewa mpaka. Mwanahistoria Jan Bender Shetler amelieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu namna Serengeti ilivyofikiriwa na wenyeji na wageni. Kabla ya hapo, mwaka 2003, alitoa mkusanyiko wa historia za Mara ya kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Katika simulizi hizo, kilima ambacho kwenye filamu ni mandhari tu ni mahali ukoo fulani ulipoanzia. Grzimek hakuficha msimamo wake: aliandika kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na binadamu, hata wenyeji. Kamera yake ilitangulia kuwaondoa.

Hata "tangu uumbaji" yenyewe ina tarehe. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Ndui na njaa vikafuata. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita nchi hizi mwaka 1892, alikuta Wamasai wakifa kwa njaa. Watu wa magharibi mwa Serengeti nao walitawanyika. Sehemu ambazo wazungu wa mwanzo wenye kamera walizikuta hazina mtu zilikuwa zimetoka tu kwenye msiba. Na nyumbu? Akina Grzimek walihesabu wasiofika 100,000. Hesabu ya mwaka 1961 ilikuta kama robo milioni, tofauti ambayo inaonyesha pia ugumu wa kuhesabu ukiwa angani. Baada ya ng'ombe wa maeneo ya jirani kuchanjwa na sotoka kutoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, idadi ilipanda, na kufikia 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo ile picha ya mto wa nyumbu usio na mwisho, inayouzwa kama Afrika ya kale, ina umri mdogo kuliko Azimio la Arusha. Iliwezekana kwa sababu ya sindano za mifugo.

Kijana hakubali kirahisi. "Bila filamu ile, dunia isingechangia fedha na mbuga isingekuwepo. Filamu imefanya kazi yake. Unataka igeuke mhadhara?" Hoja hiyo ina uzito. Grzimek alipigania mipaka ya hifadhi wakati serikali ya kikoloni ilipopanga kuipunguza, na ushawishi wake baada ya uhuru ulisaidia uhifadhi kupata fedha. Lakini kusema filamu ilifaa hakumaanishi ilikuwa sahihi, na faida hiyo ina waliolipia. Ukishaiaminisha dunia kwamba nchi fulani haikuwa na watu, mwenye mbuzi anayeonekana pembezoni mwake anageuka mvamizi. Watu wa Robanda na vijiji vya jirani wameishi na hesabu hiyo kwa vizazi. Wala haihitaji mhadhara kuirekebisha. Dakika mbili za mzee wa Kinata akitaja majina ya vilima zingetosha kuibadilisha filamu nzima.

Hapo ndipo natofautiana na Mama pia. Makosa anayoyasaka ni ya kweli, na uvivu wa watengeneza filamu hauna utetezi. Rangi za bendera hupatikana kwa kuuliza tu. Lakini ni makosa mepesi, kwa maana kwamba mtu yeyote mwenye kitabu anaweza kuyaonyesha. Kosa zito halionekani kwa sababu halina kitu cha kuelekezea kidole. Na kwa upande wa kijana, uhuru anaoudai anao, mradi afanye alichofanya Ebrahim Hussein: aseme. Mtunzi aliyetangaza kwamba mhusika wake ni wa kubuni hajamdanganya mtu hata akimpa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Aliyechukua picha ya zamani akaifuta tarehe, akaitia rangi kwa akili mnemba, akairusha kama ilivyo, amedanganya hata kama hakubuni hata nukta moja ya sura. Ile rangi ya gauni imetoka kwenye makadirio ya programu, na atakayeiona mwaka kesho hatajua.

Chukua picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, Aprili 1964. Ni halisi, ni nzuri, na imefundishwa kila shule. Hiyohiyo ni rahisi sana kuichukua kuwa ndiyo Muungano wenyewe ukifungwa. Hati za Muungano zilikuwa zimekwisha kutiwa saini Zanzibar tarehe 22, kisha Bunge likaziridhia Dar es Salaam. Udongo ulikuwa sherehe iliyofuata. Mtu aliyekuzwa na picha hiyo pekee atafikiri jambo lilifanyika siku moja, upande mmoja, mbele ya umma. Maswali yote ambayo Watanzania wameendelea kuulizana kuhusu Muungano yanaishi katika zile siku chache ambazo hazina picha maarufu. Kuhusu Mapinduzi yaliyotangulia, Januari mwaka ule, shida ni ya upande wa pili: filamu ya Waitaliano ya mwaka 1966, Africa Addio, inaonyesha matukio ya Zanzibar yaliyopigwa kutoka angani, na msemaji wake anatuambia tunaona nini. Kamera ni ya mbali, sauti ni ya karibu. Wapo wanaoitumia kama ushahidi kamili na wapo wanaoikataa yote, na pande zote mbili huwa zinagombana na msemaji zikidhani zinagombana na picha.

Mzee wa studio, ambaye amekuwa kimya, ana pingamizi ambalo naliona kubwa kuliko yote. "Mwandishi, unatuhamisha kutoka kwenye picha unatupeleka kwenye maelezo. Maelezo ndiyo hudanganya. Nimeona watu wakiandika nyuma ya picha 'mimi na mke wangu' na mke siye." Ni kweli. Katika makusanyo ya kikoloni, kama lile la iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani linalohifadhiwa Chuo Kikuu cha Frankfurt, lenye makumi ya maelfu ya picha, mzungu aghalabu hutajwa kwa jina na cheo, na Mwafrika aliyesimama kando yake huandikwa kabila tu. Picha za Walther Dobbertin, aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani kabla na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, sasa zinapatikana bure mtandaoni kutoka hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na zinabandikwa popote panapohitaji askari au mpagazi, bila kujali ni mwaka gani.

Lakini mzee ametaja sababu ya mimi kuyapendelea maelezo, hata yaliyo mabovu. Uongo wa "mimi na mke wangu" uligundulika kwa sababu uliandikwa. Una mtu wa kuulizwa. Maelezo ya Frankfurt yasemayo "mwanamke wa Kikurya" yanaweza kusomwa na Wakurya na kusahihishwa, kama yatarudishwa yanakosomeka kwa Kiswahili. Picha isiyo na neno haiwezi kukanushwa. Inazunguka tu, kila mtu akiipachika kwenye hoja yake. Makumbusho ya Mwalimu pale Butiama, yaliyofunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla ya kifo chake, yana nafasi ambayo hifadhi ya Ulaya haina: mgeni anayetoka Zanaki, Ikizu au Majita anaweza kusimama mbele ya picha akasema huyu ni fulani, na hapa si Butiama, ni mahali pengine. Daftari la kuandikia kauli hizo, pamoja na jina la aliyesema na tarehe, lina gharama ndogo kuliko kamera yoyote.

"Na filamu yangu?" anauliza kijana. "Niweke daftari kwenye skrini?" Aweke chanzo cha kila picha halisi anayoitumia, aseme palipobuniwa, na akipata fremu iliyopigwa na mtu wa serikali au mgeni, atafute mmoja aliyekuwepo nje ya fremu amsikilize kabla ya kuandika muswada. Bajeti yake ndogo inaweza kubeba hayo. Nauli ya Musoma hadi Nata haifiki ada ya dakika moja ya filamu ya kale kutoka kwenye hifadhi za Ulaya. Mama anataka aongeze na bendera. Na aiongeze.